Kabla hujatuma sarafu ya kale kupimwa daraja

Wiki haipiti hapa Mbeya bila mtu kunisimamisha na kunifungulia kiganja. Ndani huwa mna senti ya tundu, au shilingi ya simba, mara chache rupia. Mmoja aliikuta kwenye kapu la sadaka wakati wa kuhesabu. Mwingine aliitoa kwenye debe la misumari la marehemu babu yake, maana zamani senti za tundu zilifaa sana kuwa washa za misumari ya bati. Mwingine alirudishiwa kama chenji ya mia kwenye daladala ya Uyole, usiku, na hakuiona mpaka alipofika nyumbani. Swali halibadiliki: "Nikiipeleka ikapimwe huko nje, si nitapata hela?"

Jibu langu karibu kila mara ni hapana. Nataka nieleze ninavyofika kwenye hapana hiyo, ili siku ikikujia sarafu inayostahili, uitambue kabla hujaiharibu.

Tuanze na maana ya kupimwa daraja, kwa sababu wengi wanadhani ni kuuza. Siyo kuuza. Ziko kampuni, mbili kubwa kuliko zote zikiwa PCGS ya California, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC ya Florida, iliyofuata mwaka 1987. Unazipelekea sarafu yako pamoja na ada. Wataalamu wao wanaangalia kama ni halisi, wanaipa namba kati ya 1 na 70, kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake na kukurudishia. Kipimo hicho cha 1 hadi 70 kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani, na leo kinatumika kwa sarafu za dunia nzima. Chini ya 20 sarafu imechakaa sana. Kati ya 20 na 35 imetumika lakini sura inasomeka vizuri. Ikifika 40 na 45 imechubuka kidogo kwenye sehemu zilizoinuka tu, na kati ya 50 na 58 unahitaji jicho la kutafuta ndipo uone uchakavu. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuwahi kuzunguka mikononi mwa watu.

Kasha hilo haliongezi thamani ambayo sarafu haina. Linathibitisha iliyopo, na ada utailipa hata kwa sarafu isiyo na maana.

Hatua ya kwanza: usiisugue

Naiweka mbele ya kuitambua, mbele ya kuipima uzito, mbele ya kila kitu, kwa sababu makosa mengine yote yanarekebishika na hili halirekebishiki.

Mwaka juzi niliitwa kijiji kimoja upande wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Bibi mmoja alikuwa na rupia mbili alizoachiwa na mama mkwe wake. Nikaingia, "Kamwene bibi, shikamoo." "Marahaba, karibu mwanangu." Akanipa kigoda. Mjukuu wake, kijana mzuri mwenye nia njema, alikuwa amejua kwamba nakuja, basi usiku uliotangulia akaichukua moja akaisugua kwa jivu na ndimu mpaka ikametameta. Ya pili hakuipata, ilikuwa imenasa kwenye mshono wa mfuko wa kitambaa.

Nilizilaza zote mbili kwenye kanga, nikawasha tochi ya simu pembeni, mwanga ukija kwa mshazari. Zote zilikuwa za mwaka 1910, zenye herufi J ndogo ya kiwanda cha Hamburg. Ile iliyosuguliwa iling'aa mwanga mmoja kila mahali, mweupe, mkavu, kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa stilwaya. Nilipoweka lenzi nikaona mikwaruzo midogo elfu inayokwenda upande mmoja, ikipita juu ya shavu la Kaisari na kuendelea kwenye uwanda ulio mbele ya uso wake bila kukatika. Ile nyingine ilikuwa nyeusi yenye ubuluu, kwa macho ya haraka mbaya kuliko mwenzake. Lakini nilipoizungusha polepole, chini ya weusi ule mwanga ukatembea kwa duara, ukazunguka kutoka bawa la tai aliye juu ya kofia hadi chini ya kidevu, ukarudi. Mwanga huo unaotembea ndio ngozi ya asili ya sarafu, ilivyotoka kwenye chuma cha kugongea. Ukishasuguliwa haurudi, hakuna fundi wa kuurudisha.

Ile nyeusi nilimshauri bibi aitunze, tukaitafutia njia. Ile nyeupe nilimwambia ukweli: ikipelekwa itarudi na cheti kinachosema ni halisi lakini imesafishwa, bila namba kamili ya daraja, na ada imekwenda. Mjukuu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia mapema, na ndiyo sababu naandika haya.

Basi: hakuna jivu, ndimu, ukwaju, dawa ya meno, Brasso wala msasa. Ikiwa ina udongo wa shambani, iloweke kwenye maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri ya gari, siku moja au mbili, ukibadilisha maji. Soma chupa vizuri, maana gereji huuza maji na asidi kwa pamoja na chupa zinafanana. Itoe, iweke juu ya kitambaa laini, iache ikauke yenyewe. Usiifute. Na tangu hapo ishike ukingoni kwa vidole viwili, kwa sababu jasho la kidole gumba linaacha alama kwenye shaba.

Hatua ya pili: ijue ni ya nani

Ardhi yetu ya Nyanda za Juu Kusini ina matabaka matatu ya sarafu, na kila tabaka lina sheria yake.

La kwanza ni la Mjerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikageuza hesabu, rupia moja ikawa heller 100, na kutoka kwenye heller hiyo ndipo tulipopata neno letu "hela". Rupia ya fedha ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa na kofia ya tai. Ile ya kampuni, hadi 1902, nyuma yake ina simba na mnazi. Ile ya serikali, 1904 hadi 1914, ina maneno Deutsch Ostafrika. Zilifika huku kwa njia ya kodi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, mwaka uleule aliokufa Mkwawa, watu walilazimika kuitafuta rupia wapende wasipende, wakaenda kuifanyia kazi kwenye mashamba na misafara. Ndiyo maana mpaka leo inatoka kwenye vibuyu na mapaa ya nyumba za zamani.

Katika tabaka hili, heller moja ya shaba ni nyingi mno. Usifikirie kuituma isipokuwa bado ina wekundu wa shaba mpya, na nimeiona hivyo mara mbili tu. Heller 5 na 10 za tundu ni vilevile. Lakini ukikuta heller 5 ya shaba ya mwaka 1908 au 1909, sahani kubwa ya gramu 20 isiyo na tundu, tulia uiangalie vizuri. Ukikuta rupia 2, ya 1893 au 1894, usimwonyeshe mtu mpaka umeipima. Hiyo hutafutwa hata ikiwa imechakaa.

Kisha kuna sarafu za Tabora. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu haziji kutoka Ujerumani, Wajerumani wakajigongea zao kwenye karakana ya reli Tabora: heller 5 na 20 za shaba, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Zote zina herufi T. Usishangae kuzikuta Iringa. Tabora ilipoanguka mwezi Septemba mwaka huo, kikosi cha Jenerali Wahle wa Wajerumani kilikuja kwa miguu upande huu, na askari na wapagazi walikuja na mishahara yao mfukoni. Heller 20 si adimu, ila ziligongwa kwa haraka na kwa vyuma vya kugongea tofauti, kwa hiyo wakusanyaji huzitofautisha kwa umbo la taji na herufi. Rupia 15 ndiyo sarafu moja katika nchi yetu ambayo nasema ipelekwe kupimwa bila kusita, kwa sababu ya bandia zake nyingi. Mnunuzi wa maana hatatoa bei kamili bila kasha.

Tabaka la pili ni la Mwingereza, na hapa ndipo matumaini mengi huvunjika. Shilingi ya simba na milima nyuma yake ilianza 1921. Hadi 1946 shilingi na thumni zilikuwa na fedha robo tu, na tangu 1948 hazina fedha kabisa. Zililipwa kwa wingi kwa vibarua wa machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930, basi upande wa Mbeya zimejaa. Shilingi ya kawaida iliyolainika haistahili. Inayostahili kutazamwa mara ya pili ni ya mwaka 1920, florin, sarafu kuu ya mfumo uliotangulia, na shilingi iliyokuwa nusu yake, kwa sababu mfumo ule ulidumu kitambo kifupi tu kabla ya shilingi ya 1921 kuuondoa.

Kuna moja inayowasumbua watu kila mwaka. Ni senti 5 au senti 10 ya tundu ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja akaacha kiti, na Uingereza kwenyewe sarafu zake ni hadithi. Mtu akisoma hivyo kwenye simu anakimbia kuniletea akitetemeka. Lakini za Afrika Mashariki ziligongwa kwa wingi na zikatumika masokoni kama senti nyingine. Itunze, ina historia nzuri, ila ada ya kupima daraja itaimeza mara kadhaa.

La tatu ni letu wenyewe. Benki Kuu ilifunguliwa mwaka 1966 na sarafu za kwanza zikatoka: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, thumni ya sungura, shilingi ya mwenge. Nazipenda kuliko zote, na ile ya shilingi tano yenye pembe kumi, dala, ndiyo iliyozipa daladala jina. Lakini zilizotoka kwenye mzunguko hazistahili kupimwa. Tofauti ni sarafu za fedha za mwaka 1974 za hifadhi ya wanyama, shilingi 25 ya twiga na 50 ya kifaru. Hizo hazikuzunguka sokoni, na ukizikuta kwenye kisanduku chake usizitoe.

Sarafu ya 1780 yenye mama mnene ni riale ya Maria Theresa. Imeendelea kugongwa kwa mwaka huohuo mmoja mpaka zama zetu, kwa hiyo namba hiyo haikuambii umri. Ina gramu 28 na ushei. Iuze kwa bei ya fedha, au ubaki nayo. Ngwee za Zambia zinazoingilia Tunduma na tambala za Malawi zinazoingilia Kasumulu, warudishie wenyewe.

Hatua ya tatu: mizani, sumaku, ukingo

Huhitaji maabara. Sonara yeyote wa Mbeya, na kila mnunuzi wa dhahabu Chunya, ana mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mwombe kwa adabu, mpe hela ya soda. Rupia moja ya Mjerumani inapaswa kuwa gramu 11.66, ikipungua kidogo kwa kuchakaa. Upana wake ni milimita 30 na nusu. Shilingi ya Mwingereza yenye fedha ni kama gramu 7.8. Rupia 15 ya Tabora ni gramu 7.17 hivi. Ikiwa rupia yako ina gramu 9, au 13, hapo hakuna ubishi, ni bandia.

Sumaku ya spika iliyokufa inatosha. Fedha, dhahabu na shaba hazinasi. Ikinasa, kazi imekwisha.

Kisha ukingo. Rupia ina meno pembeni yaliyokatwa sawasawa. Bandia ya kumimina kwenye kalibu huwa na mstari unaozunguka katikati ya ukingo, au meno yaliyolegea, na usoni vitundu vidogo kama vya chapati iliyoungua.

Angalizo moja hapa. Sonara atakuambia bei ya kuyeyusha, na si mwizi, ndiyo biashara yake. Rupia ina fedha safi gramu 10.7 hivi. Zidisha kwa bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo, upate sakafu, bei ambayo chini yake usikubali hata kama sarafu imesuguliwa. Ila usimwachie alale nayo.

Hatua ya nne: soma uchakavu

Uchakavu huanzia palipoinuka. Kwenye rupia tazama kifua cha tai juu ya kofia, kisha masharubu, kisha bega. Ukiona manyoya ya kifuani yametengana moja moja, uko kwenye 40 au juu zaidi. Yakiwa yameungana kuwa uvimbe mmoja laini lakini mabawa yana manyoya, ni kama 20 au 30. Tai akiwa kivuli tu, shukuru kwa fedha iliyomo.

Kwenye shilingi ya simba tazama uso na nywele za shingoni. Kwa bahati mbaya simba huyo amekaa palepale kidole gumba kinapokaa, ndiyo maana wengi hawana uso. Upande wa mfalme, tazama mapambo ya taji. Kwenye senti za tundu tazama taji lililo juu ya tundu, na vilevile kingo za tundu lenyewe: likiwa limepanuka au limevutwa upande mmoja, ujue iliwahi kupigiliwa msumari au kuvaliwa shingoni.

Halafu tafuta majeraha: mkwaruzo mrefu, mdundo ukingoni, alama ya kulehemu kidani, herufi za jina zilizochorwa na mtoto wa zamani, kutu ya kijani inayopukutika kama unga. Lolote kati ya hayo linaifanya irudi bila namba. Weusi wa fedha na ukahawia wa shaba si jeraha. Huo ni umri, na wakusanyaji wanaulipia.

Jikague kwa kulinganisha. Tovuti ya Numista ina picha za sarafu zote nilizotaja, bure. Weka yako pembeni ya simu, mwanga wa dirisha, asubuhi. Mtu anayependa sarafu yake huiona nzuri kuliko ilivyo, mimi pia. Basi nikishajiwekea daraja napunguza hatua moja, na mara nyingi hilo la chini ndilo hurudi kwenye cheti.

Hatua ya tano: hesabu

Bei za kuaminika ni za sarafu zilizokwisha kuuzwa, kwenye minada na kwenye soko la mtandaoni la eBay palipoandikwa kwamba imeuzwa. Bei ya anayetangaza ni ndoto yake tu. Tafuta aina ileile, mwaka uleule, herufi ileile ya kiwanda, hali ileile: moja isiyo na kasha na moja yenye kasha.

Halafu jumlisha gharama zote, siyo ada peke yake. Kuna ada ya sarafu, ada ya kushughulikia fomu, mara nyingi uanachama, posta ya kwenda, bima, posta ya kurudi, na forodha. Tuseme jumla yake ni dola 150 kwa sarafu moja. Kama sarafu bila kasha inauzwa dola 40 na yenye kasha dola 90, umelipa 150 ili kuongeza 50. Kanuni yangu: isipofikia bei ya mara tatu ya gharama zote ikiwa bado haina kasha, haiendi. Ukiwa na wenzako wenye sarafu nzuri, tumeni mzigo mmoja, posta na fomu mtagawana.

Wala usisikilize anayekuambia rupia yako inavuta mchele, au ina zebaki, au kuna mzungu yuko hotelini Dar es Salaam anasubiri na begi la fedha ila kwanza utoe kidogo ya "kupima nguvu". Nimewaona watu wazima wakiuza ng'ombe kwa maneno hayo. Mnunuzi wa kweli huuliza mwaka, herufi na hali. Haulizi mchele.

Kama jibu ni ndiyo

Kwanza sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo vipande vya shaba vya masultani wa Kilwa na mfano wake havitoki nchini bila kibali. Ukifukua chungu kizima cha sarafu, za umri wowote, usizitawanye. Piga picha zilivyolala, andika mahali, ongea na watu wa makumbusho. Iringa wapo Boma, lile jengo la Mjerumani katikati ya mji. Sarafu hamsini zilizopatikana pamoja zinasimulia jambo ambalo hamsini zilizotawanyika haziwezi. Na kaburi liache kama lilivyo.

Pili, utunzaji wakati unasubiri. Baridi na ukungu wa Mbeya na Njombe mwezi Juni na Julai huingia hadi kabatini. Usitumie mifuko ya plastiki laini inayonuka, hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Bahasha ndogo ya karatasi, kama ile ya zaka, sarafu moja kwa bahasha moja, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na ukuta. Juu ya bahasha andika kwa penseli kabla hujaitia sarafu: imetoka kwa nani, kijiji gani, mwaka gani, gramu ngapi.

Tatu, kutuma. Piga picha pande zote mbili na ukingo. Uliza posta au kampuni ya usafirishaji kabla ya kufunga, maana wengine hawapokei sarafu. Taja thamani ya kweli, kata bima, na hakikisha haigongwi na kitu ndani ya boksi. Ikirudi, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni husika uone kama maelezo yanalingana na ulichoshika.

Rupia ile nyeusi ya bibi bado haijaamuliwa. Tai wake ana manyoya yote kifuani, lakini mwaka 1910 J si adimu, na hesabu yangu imekaa palepale kwenye mpaka. Bibi mwenyewe amesema isiende popote mpaka mvua zipite na wanawe wote watano wakae waiangalie.